Saa Iliyopanda Matofali Manne

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zilipokuwa zimeshafika kila nyumba na maji ya bomba bado yako njiani, Mama Hiza alikuwa ameshika jogoo mguu mmoja, anamnyonyoa juu ya beseni la maji ya moto, habari ikamfikia kwamba dunia imebadilika.

Habari ililetwa na Nakijwa, mlinzi wa Saa ya Chini, akiwa na daftari kifuani na kandambili moja mguuni.

"Mama Hiza, acha kunyonyoa."

"Niache vipi? Nimebakiza mabawa."

"Saa hazipatani."

Mama Hiza akamtazama jogoo, jogoo hakuwa na la kusema. "Ungekuja asubuhi," akasema. "Huyu sasa siwezi kumrudishia manyoya."

Ngoja niwaeleze nyumba yenyewe, msije mkapotea. Juu ya kilima cha Kwemtindi palikuwa na Nyumba ya Saa. Waliishi humo watu wanne. Profesa Sengasu, mkubwa wa nyumba, alilinda Saa ya Juu, kwenye chumba cha kileleni. Nakijwa alilinda Saa ya Chini, kwenye chumba cha chini ya mteremko. Mbilu alikuwa mtunza ghala. Mama Hiza alipika, na alihesabu. Alihesabu vijiko, alihesabu sahani, alihesabu watu kabla ya kupakua, maana hakutaka kuambiwa amempunja mtu.

Saa hizo hazikuwa na mishale wala mlio. Ndani ya kila saa mlikuwa na kizimba kidogo kuliko kibiriti, na ndani ya kizimba mlikuwa na chembe moja. Chembe moja, si mbili. Atomu iliyonyang'anywa elektroni yake, ikashikwa na umeme hewani, palipotolewa hata hewa yenyewe. Ikimulikwa na mwanga wa leza wa rangi yake, hudunda. Hudunda mara nyingi sana kwa sekunde moja, mamia ya mamilioni ya mamilioni, na haikosei. Hiyo midundo ndiyo saa.

Chembe ya Nakijwa aliiita Mwali. Alisema inafanana na mwali wa kufungiwa ndani. Mwali haguswi na jua. Mwali hagusi ukuta, hagusi sakafu, hana mwenzake. Miezi tisa Nakijwa alimlinda yule yule mmoja.

Kazi ya nyumba ilikuwa hii. Chembe ya juu ni ya aina moja, chembe ya chini ni ya aina nyingine. Kama kanuni za dunia ni zile zile siku zote, basi midundo ya huyu na midundo ya yule itakwenda sawa mwaka mzima, wakati dunia inalizunguka jua mpaka irudi ilipoanzia. Kama kanuni zinalegea mahali fulani njiani, saa zitaachana. Ndiyo maana lazima mwaka utimie bila kukatika. Ukikatika, unaanza siku ya kwanza.

Na kila miezi mitatu, saa zikipatana, anachinjwa jogoo. Huyu alikuwa wa tatu. Ilibaki miezi mitatu mwaka utimie.

Sasa nyinyi mnajua kwamba firigisi ya jogoo ni ya baba. Lakini Nyumba ya Saa haikuwa na baba, ilikuwa na wafanyakazi. Wakakubaliana tangu mwanzo: firigisi itakwenda kwa aliyestahili, na atakayeila ndiye mwenye neno la mwisho ndani ya nyumba mpaka jogoo mwingine. Akisema viti vikae nje, vinakaa nje. Mara ya kwanza alikula Profesa, wakakatazwa kupiga miluzi. Mara ya pili alikula Mbilu, viatu vyote vikavuliwa mlangoni, ndiyo maana Nakijwa alikuja na kandambili moja. Ya pili hakuiona kwenye rundo.

Haya, turudi jikoni.

Profesa alishuka kutoka kileleni, akasoma daftari akiwa amesimama.

"Kwa kila midundo bilioni ya bilioni," akasema, "Saa ya Chini imezidi midundo kumi na tano."

"Kumi na tano tu?" akauliza Mama Hiza. "Katika gunia hilo lote? Mimi ningesema ni sawa."

"Si sawa, Mama Hiza. Imeanza lini, Nakijwa?"

"Jumatano ya wiki juzi. Inahitaji siku nyingi za kujumlisha ndiyo ionekane, leo ndiyo nimemaliza hesabu. Kabla ya siku hiyo zinapatana. Baada ya siku hiyo hazipatani."

"Jumatano ya wiki juzi ulikuwa wapi?"

"Harusini, kwa binti wa shangazi. Uliniruhusu, Profesa."

"Joto la chumba?"

"Nimepima. Halijabadilika."

"Sumaku?"

"Nimepima. Haijabadilika."

"Mwanga wa leza?"

"Nimepima."

"Kimo? Unajua saa ikiinuliwa mbali na ardhi hukimbia kidogo."

"Najua. Tofauti ya kileleni na chini tulishaitoa kwenye hesabu. Na kimo cha meza kimeandikwa ukutani, kwa rangi nyekundu, kwa mkono wako."

"Sawa. Kama kimeandikwa ukutani." Profesa akafunga daftari. "Basi yamebaki mawili. Ama dunia imebadilika kanuni zake Jumatano ya wiki juzi, ama saa yako imeharibika. Dunia naifahamu miaka sitini na miwili. Wewe nakufahamu miezi tisa."

"Profesa, sijakosea."

"Sijasema umekosea. Nasema kabla ugali haujaiva, unieleze. Usiponieleza, nazima umeme wa kizimba, Mwali aende zake, tushike chembe nyingine. Jogoo tutamla tu, kwa kuwa ameshakufa."

Nakijwa akakaa kwenye kigoda. Hakulia, ila alikaa kama mtu aliyetua ndoo. Miezi tisa, na mwaka uanze upya kwa ajili ya kumi na tano.

"Futa hizo siku," Mbilu akamwambia kwa upole. Alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, anatafuna punje za mahindi. "Andika siku hizo umeme ulikatika. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Basi kaa na ukweli wako kwenye kigoda."

Mama Hiza akamaliza mabawa. Akampasua jogoo, akatoa matumbo, akaitoa firigisi, akaipasua, akaimenya ile ngozi ya njano, akaiosha, akaiweka peke yake kwenye kisosi. Mikono inafanya kazi, kichwa kinafanya hesabu.

"Nakijwa mwanangu. Ni Jumatano ipi hiyo?"

"Ya wiki juzi."

"Ile ya mahindi kuletwa?"

"Labda. Sikuwepo."

"Matofali yangu yameondoka siku hiyo hiyo."

Profesa akacheka kwa pua. "Sasa inaanza tena hadithi ya matofali."

Ni kweli ilikuwa hadithi. Nyuma ya jiko Mama Hiza alikuwa ameweka matofali kumi na sita ya kujengea tanuri la mikate. Alikuwa na hamu ya kupika mikate, amechoka kugeuza chapati. Jumatano ya wiki juzi asubuhi yalikuwa yote. Alhamisi alihesabu: kumi na mawili. Akahesabu tena: kumi na mawili. Akawauliza wapita njia, akamuuliza mbuzi wa jirani kwa ukali. Siku kumi na nne nyumba nzima haikusikia kingine. Mtu akiomba chumvi anajibiwa habari za matofali.

"Matofali manne," Mama Hiza akasema. "Si matatu, si matano. Mwizi wa kujenga hachukui manne. Manne ni ya kitu chenye miguu minne."

Mbilu akaacha kutafuna.

"Mbilu," Mama Hiza akasema, "mahindi ya mwaka huu umeyaweka wapi?"

"Pakavu."

"Pakavu ni wapi? Ghala linavuja."

"Mama Hiza, mbona unaniuliza kama polisi? Pakavu ni pakavu."

"Kuna chumba kimoja tu kikavu kilima hiki chote."

Mama Hiza akajifuta mikono kwenye khanga, akashuka mteremko. Nakijwa nyuma yake. Profesa nyuma ya Nakijwa. Mbilu nyuma kabisa, kwa hatua fupi.

Wakafika chumba cha chini, wakavua viatu, ndiyo amri ya Mbilu. Katikati ilikuwapo meza ya saa, imefunikwa kitambaa cheusi mpaka sakafuni, ili mwanga wa nje usiingie. Ukutani, kwa rangi nyekundu: KIMO CHA MEZA SENTIMITA TISINI. Na kweli kila aliyeingia humo kwa siku kumi na nne alisoma ukuta akaridhika.

Mama Hiza hakusoma ukuta. Aliinama, akashika upindo wa kitambaa.

"Tangu lini kitambaa hiki kimeongezewa kipande cha gunia?"

"Sijui," Nakijwa akasema. "Sijawahi kuangalia huko chini. Mimi naangalia skrini."

"Kimeshonwa kwa uzi wa kushonea magunia. Mshono mzuri."

"Asante," Mbilu akasema, kisha akajutia.

Mama Hiza akafunua. Uvunguni mwa meza palikuwa na magunia sita ya mahindi, yamepangwa vizuri, na kila mguu wa meza umesimama juu ya tofali. Moja, mawili, matatu, manne. Mama Hiza akayagusa moja moja kama mtu aliyeonana na ndugu zake.

"Ni kama kitanda tu," Mbilu akasema. "Kila nyumba inainua kitanda kwa matofali, inaweka vitu uvunguni. Mmeona wapi uvungu ukaachwa hivi hivi?"

Nakijwa tayari alikuwa amepiga magoti na futi ya fundi cherehani. Akapima tofali. Akapima la pili. Akaandika, akakata, akaandika.

"Sentimita kumi na nne," akasema polepole. "Saa ikipanda sentimita moja, inaongeza mdundo mmoja na ushei, katika kila bilioni ya bilioni. Ikipanda kumi na nne..." Akageuza daftari. "Kumi na tano, Profesa."

Profesa akaangalia daftari. Akaangalia matofali. Akaangalia mwandiko wake ukutani, kwa muda mrefu kuliko vyote.

"Imeona tofali," akasema. "Saa imekaa kimya mezani, imetambua kwamba iko juu zaidi kwa tofali moja. Kwamba hapo juu muda wenyewe unakwenda kasi zaidi. Mimi nimepanda na kushuka kilima hiki miaka yote sijawahi kuhisi kitu."

"Unahisi magoti," Mama Hiza akasema.

"Na dunia?"

"Dunia haijabadilika," Nakijwa akasema. "Ni mahindi tu."

Profesa akafurahi hadi akapiga mluzi, uliokuwa umeshakatazwa na yeye mwenyewe. Umeme wa kizimba haukuzimwa. Wakavaa viatu, wakapanda kurudi jikoni, maana sufuria ilikuwa motoni, na Mama Hiza hana imani na sufuria isiyoangaliwa.

Jogoo akachemka. Ugali ukasongwa. Firigisi ikakaangwa peke yake, kwa kitunguu, ikarudi kwenye kisosi. Kisosi kikawekwa katikati ya mkeka. Na hapo ndipo neno lilipoanza.

"Jogoo wa tatu," Profesa akasema. "Atakayekula firigisi ndiye mwenye neno mpaka mwaka wa saa utimie. Semeni haki zenu."

Mbilu akawahi.

"Mimi ndiye niliyeinua. Miezi tisa mmekaa na saa hiyo, mkiipangusa kama yai, na hakuna aliyejua kwamba inaweza kuona tofali. Nani aliiuliza hilo swali? Mimi. Niliita wapagazi wanne, nikawaambia inueni kama mnainua mama mzazi, wakainua, na Mwali hata hakushtuka. Mwaka jana mahindi yaliota ukungu, mkala ugali mchungu, mkasema Mbilu mzembe. Mwaka huu yamekauka kama karanga. Bila mimi hamna ugali, hamna ugunduzi. Nikila firigisi, meza inabaki juu ya matofali, na magunia yanabaki uvunguni."

"Hukuuliza swali," Nakijwa akasema. "Uliweka magunia."

"Matokeo ni yale yale."

Akasema Nakijwa.

"Mimi ndiye niliyeona. Matofali yangekaa hapo mpaka yaote majani, bila ya mimi kujumlisha kila siku hakuna ambaye angejua. Nikaambiwa nimekosea, sikubadilisha namba. Nikafundishwa kufuta, sikufuta. Ningefuta, leo Profesa angekula jogoo wake kwa amani na saa ingeendelea kusema kweli peke yake. Nikila firigisi, magunia yanatoka leo. Jana nimemkuta fukusi wa mahindi anatembea kando ya njia ya leza, kivuli chake kikubwa kama paka. Akiingia mmoja kwenye vioo, mwanga unakatika, Mwali anapotea, mwaka unaanza upya. Magunia yatoke. Lakini matofali yasiguswe. Nimeshayatoa kwenye hesabu. Meza ikishushwa na kutikiswa, naweza kumpoteza."

"Wapagazi walipandisha bila kutikisa," Mbilu akasema.

"Walibahatisha."

Akasema Mama Hiza, huku anakata ugali.

"Mimi ndiye niliyepata. Mwenzenu ana futi, mwenzenu ana skrini, mwenzenu ana rangi nyekundu. Mimi nina hesabu ya matofali. Siku kumi na nne nawaambia yamepungua manne, mnanicheka. Mngenisikiliza siku ya kwanza, msingefika hapa. Na ni matofali yangu. Saa imepanda juu ya mali yangu, imepata sifa kwa mali yangu. Nikila firigisi, kesho asubuhi wanaitwa wapagazi wale wale, meza inashushwa, matofali yanarudi, tanuri linajengwa. Mtakula mikate. Nimegeuza chapati za nyumba hii miezi tisa, na mimi nina mikono miwili tu."

Profesa akakohoa.

"Na mimi," akasema, "ndiye niliyetishia kuzima. Nisingetishia, hakuna ambaye angetafuta."

Mama Hiza akamwekea paja.

"Kula paja, Profesa."

Profesa akala paja.

"Na Mwali je?" Nakijwa akauliza. "Mnajigamba nyote, ameinuliwa nani? Mwali hagusi ukuta, hagusi sakafu, hana mwenzake. Kabebwa na wanaume wanne wasiofahamiana naye, kapandishwa tofali bila taarifa, kawekewa mahindi chini. Hakutoka. Hakukosea mdundo. Kasema tu, nipo juu zaidi. Na alikuwa azimwe kwa kusema kweli."

"Huyo hajala miezi tisa," Mbilu akasema. "Aanze na firigisi? Ataiweka wapi? Punje ya chumvi kwake ni kilima hiki na kingine."

"Akila yeye, neno lake litakuwa nini?" Profesa akauliza, mdomo umejaa.

Nakijwa akafikiri. "Hana neno lingine. Atadunda."

"Basi huo ndio utawala ninaoutaka," Mama Hiza akasema. "Hauvulishi watu viatu."

Mbilu akageukia rundo la viatu mlangoni.

Mama Hiza akachukua kisosi cha pili, akaifunika firigisi isiingiwe na nzi. Akapakua. Ugali sahani nne, mchuzi bakuli nne, nyama kila mtu na kipande chake, na shingo kwa Mbilu kwa sababu ya mshono mzuri. Kabla mkono wa mtu haujagusa chakula, akahesabu, kama siku zote.

"Profesa."

"Nipo."

"Mbilu."

"Nipo, si unaniona?"

"Nakijwa."

"Nipo."

"Na mimi nipo. Wanne." Akatua upawa. "Na huyo wa kizimbani?"

Nakijwa akafungua simu yake, yenye picha ya chumba cha chini. Gizani, katikati ya kioo, kitone kimoja cha mwanga kilitulia palepale.

"Yupo."

"Watano. Wote wapo. Nawisheni."

Wakanawa. Wakala. Kisosi kimefunikwa, kiko katikati ya mkeka, na kila aliyekata tonge alikitupia jicho.

Sasa nyinyi mliokunja miguu hapo, mmesikia kila mmoja. Yuko aliyeinua, yuko aliyeona, yuko aliyepata, na yuko aliyedunda tu bila kusema uongo. Neno ni la miezi mitatu, matofali ni manne, firigisi ni moja, na inapoa. Semeni, kisosi kifunuliwe kisogezwe kwa nani?